Fundi Aliyeuliza Toleo

Ukimpa Fundi shikamoo alikuitikia marahaba kwa sauti nzito ya mtu aliyeridhika, akakuuliza habari za nyumbani, akakuuliza habari za kazi, na kabla hujavuta kiti akakuuliza toleo. "Hiyo programu unayoitumia, toleo lipi?" Kama hujui, hakukasirika. Aliendelea tu kufuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta ya jirani mpaka wewe mwenyewe ukaona aibu, ukaenda kutafuta. Nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa katika chuo kimoja hapa Morogoro, na nadhani ameniuliza swali hilo mara nyingi kuliko mume wangu alivyoniuliza kama nimekula.

Alikuwa fundi wa maabara ya kompyuta. Si mhadhiri, si mtafiti, fundi. Barua yake ya ajira ilimtaka azitunze mashine na kufunga milango jioni. Kazi nyingine alijipa mwenyewe bila kutumwa na mtu: kuhakikisha kwamba kila mwanafunzi aliyeandika tasnifu kwa msaada wa programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua mtandaoni, kuzitumia na hata kuzifungua na kuzibadili, anawataja waliozitengeneza. Na kuwataja mahali penyewe, kwenye orodha ya marejeo, pamoja na vitabu na makala.

Naandika haya nikiwa nimechoka, na sehemu kubwa ya uchovu wangu inatoka hapa: Fundi naye alitengeneza programu. Sisi sote tuliitumia. Cheo chake kilitegemea tumtaje, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja mahali panapohesabiwa. Wa kwanza katika hao ni mimi.

Maabara yake ilikuwa ghorofa ya chini, upande unaotazama mlima. Viatu viliachwa mlangoni, vya profesa na vya mwanafunzi, na ukikuta ndala zake za bluu zimepangwa pembeni ulijua yumo. Kwenye kila kompyuta alibandika kipande cha karatasi ya gundi, ameandika kwa kalamu ya wino mweusi majina ya programu zilizomo na toleo la kila moja. Akibadilisha toleo alibandua karatasi ya zamani na kubandika mpya, siku hiyohiyo, hata kama ni saa ya chakula. Wageni waliokuja kukagua chuo walidhani ni alama za mali ya serikali.

Wanafunzi walimwogopa kidogo na kumcheka sana. Namkumbuka binti mmoja wa mwaka wa tatu, mpole, aliyemletea rasimu yake. Fundi alifungua katikati, akaweka kidole.

"Hapa umeandika data zilichambuliwa kwa kompyuta. Kompyuta ya nani?"

"Ya chuo, Fundi."

"Na hii ramani? Kompyuta ya chuo ndiyo iliyokuchorea?"

"Hapana. Nilitumia programu. Ile ya bure."

Hapo ndipo alipokosea. Neno hilo Fundi hakulipenda kabisa.

"Bure," akasema. "Ukienda kwenye arusi unakula pilau bure. Ina maana hakuna aliyepika?"

Akamketisha, akamfungulia programu yenyewe, akaandika amri fupi ya neno moja, na kioo kikatoa mistari mitatu: majina ya watengenezaji, jina la programu, toleo, mwaka, mahali inapopatikana. "Unaona? Wenyewe wamekuandikia namna wanavyotaka watajwe. Kazi yako ni kunakili tu, na hiyo nayo imekushinda?" Binti akacheka, akaanza kuandika. Fundi akamwonyesha na namba ya kudumu, ile namba inayobaki na programu hata tovuti ikihama au ikifa, akamwambia aiandike yote bila kuikata. Ule mfumo mdogo wa nyongeza aliotumia kuhesabu miteremko ulikuwa na watu wake wengine, nao ukapata mstari wake. Binti akauliza kama haitoshi kutaja makala moja iliyoandikwa kuieleza programu hiyo.

"Kusoma sifa za jembe si kulima," Fundi akajibu. "Makala umeisoma? Itaje. Programu umeitumia? Nayo itaje. Na kama umeichokonoa ukabadilisha kitu ndani, useme umebadilisha nini, mwenzako akipita njia hiyo asipotee."

Alikuwa na usemi wake mmoja aliourudia mpaka tukamwigiza kwenye chai: kwamba adabu ni nusu tu ya kazi, nusu ya pili ni ramani. Kumtaja mtunzi ni adabu. Kutaja toleo ni ramani. Tulimwigiza sauti na mikono yake, tukacheka, halafu tukarudi ofisini kuandika "kwa kutumia programu ya kompyuta" kama tulivyozoea.

Wanafunzi wetu wana kitu wanachokiita desa, yaani maandishi ya waliotangulia yanayopita mkono kwa mkono, na kudesa ni kuyanakili. Kuna desa la kila somo. Fundi aligundua kwamba lipo na la marejeo. Siku moja aliniita maabara, nikakuta amepanga juu ya meza tasnifu kumi na moja za miaka tofauti, zote zimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Kila moja ilikuwa na mstari uleule wa programu ya ramani, neno kwa neno, mpaka nukta. Toleo moja. Na tarehe moja ya kutembelea tovuti.

"Mtazame huyu," akasema, akigonga tasnifu iliyo karibu naye. "Anasema alitembelea tovuti tarehe hii. Tarehe hii alikuwa kidato cha pili, kwao hawana hata redio. Alitembelea kwa miguu?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Nikamuuliza nani aliyeanzisha. Akanyoosha mkono mpaka ncha ya meza, akanisogezea ya kumi na mbili, yenye jalada jeusi lililoanza kufifia. Ilikuwa tasnifu yangu ya uzamili.

Tena mstari wangu wenyewe haukuwa sahihi. Mwaka ule nilichora ramani zangu zote kwenye mashine ya tatu kutoka dirishani, na miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa naandika marejeo kwa haraka, niliingia kwenye tovuti ya programu na kuchukua toleo lililokuwa limeandikwa juu siku hiyo. Toleo jipya. Mashine ya tatu haikuwahi kuliona. Kwa hiyo watu kumi na wawili, mimi mkubwa wao, tulikuwa tumetaja kwa heshima zote toleo ambalo halikuwahi kuwashwa katika maabara yetu.

Fundi hakumwambia mtu. Alizikusanya tasnifu taratibu, akazirudisha kwenye mkokoteni wa maktaba, akaniambia, "Binti, umezaa sana." Mpaka leo nikikumbuka nacheka, na nikimaliza kucheka najisikia vibaya.

Kuna duka mjini la kujalidi vitabu, la mzee mmoja wa Kihindi ambaye babu yake alianza hapohapo kwa kuuza daftari. Tasnifu zote za chuo hupita kwake zikapate jalada gumu na herufi za dhahabu. Fundi alipatana naye, sijui kwa maneno gani, kwamba kila Alhamisi atapita kuangalia kurasa za mwisho kabla gundi haijapakwa. Nilimkuta huko siku moja nimefuata kazi zangu.

"Fundi, wewe utaniulia biashara," mzee alikuwa akilalamika. "Mtoto ana mahafali wiki ijayo, mama yake ameshashona nguo."

"Mahafali ni siku moja, kitabu kitabaki."

"Haya basi. Alete ukurasa mwingine, mimi natoa huu. Lakini shikamoo ya kesho usinipe, nimekasirika."

Mwishowe yule mzee akawa mkali kuliko Fundi. Wateja walipoleta kazi aliwauliza kutoka nyuma ya mashine yake ya kukatia karatasi: "Programu umeandika? Na toleo? Kama hujaandika nenda, Fundi atakuja Alhamisi." Wakuu wetu wa idara walisaini tasnifu hizohizo bila kufika ukurasa wa marejeo.

Sasa nisije nikamfanya malaika. Huyu mtu aliyehubiri kwamba kazi ya akili iwekwe wazi watu wote wachukue alikuwa na birika la maabara lenye kufuli. Kufuli kabisa, la kutoboa mfuniko na kupitisha waya. Sukari aliificha nyuma ya mashine mbovu, ndani ya boksi lililoandikwa "nyaya". Bisibisi yake hakumwazima mtu, hata mkuu wa chuo alipotaka kukaza mguu wa kiti chake. Alikuwa na miche ya iliki aliyoileta kutoka Kinole, akaipanda nyuma ya jengo, na nilipomuuliza namna ya kuiotesha alinijibu kwamba udongo wa mjini hauifai. Kisha akaniuliza toleo.

Na sheria zake mwenyewe alizivunja, ila kwa siri. Mwanafunzi mmoja alifiwa na mama wiki ya kukabidhi kazi, akaondoka kwenda msibani akiwa ameacha tasnifu nusu. Fundi aliandika marejeo yale yote ya programu kwa mkono wake, akayachapa, akampelekea mzee wa kujalidi, halafu akamwambia kijana aliporudi kwamba alikuta kazi imekamilika. Kijana yule anafundisha sasa na anajisifu kwamba hajawahi kusahau rejeo.

Programu aliyoitengeneza Fundi iliitwa Tone. Ilikuwa ndogo, isiyo na picha wala rangi, na ilifanya jambo moja. Sisi tunaochunguza hali ya hewa ya milima ya Uluguru tunategemea madaftari ya mvua yaliyoandikwa kwa mkono miaka mingi, mengi yakiwa yametunzwa na misheni za huko juu, na madaftari hayo yana mapengo. Mtu aliumwa, chombo cha kupimia mvua kilivunjika, mbuzi alikipiga teke. Tone ilisoma takwimu za vituo vya jirani na kujaza mapengo. Fundi aliiandika kwa muda wake mwenyewe, miaka mitatu, akaiweka mtandaoni na leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro aliyoigundua mwenyewe, na namna alivyoigundua ndiyo inayonionyesha alikuwa mtu wa aina gani. Aliona kwamba kituo kimoja cha misheni, kwa miaka karibu yote, hakikupata mvua siku ya Jumapili. Sisi wenye shahada tuliiona takwimu hiyohiyo na tukaipita. Yeye alikuwa mwimba besi wa kwaya ya Kanisa Katoliki, akafikiria kwa akili ya mtu wa kanisani. Akapanda mpaka huko, akamtafuta mzee aliyekuwa akisoma kile chombo, akakuta ni katekista mstaafu. Mzee akamjibu kwa mshangao: Jumapili ni siku ya Bwana, angesomaje chombo? Alikuwa akiacha nafasi tupu, na Jumatatu akisoma mvua ya siku mbili kwa pamoja. Tone, iliyoyatambua mapengo ya siku nyingi mfululizo tu, ilikuwa imezichukua nafasi zile tupu za siku mojamoja kuwa ni sifuri, yaani siku isiyo na mvua.

Fundi alirudi akarekebisha, akatoa toleo la pili, akabandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: WALIOTUMIA TONE TOLEO LA KWANZA WANIONE. Nililisoma tangazo lile nikiwa navua viatu. Makala yangu kuhusu kuongezeka kwa siku kavu milimani ilikuwa imeshachapishwa, na ilikuwa njiani kunifanya mhadhiri mwandamizi. Sikuwa nimeandika toleo. Nikajiambia kwamba labda nilitumia la pili, ingawa la pili ndiyo kwanza lilikuwa limetoka. Sikwenda kumwona.

Ndani ya Tone aliweka faili dogo la kueleza namna ya kuitaja, kama wafanyavyo watengenezaji wote makini. Pa mtunzi aliandika "Maabara ya Kompyuta". Mkuu wa idara wa wakati ule alikuwa amemwambia kwamba fundi hawezi kuwa mtunzi, kazi ya fundi ni mali ya idara. Fundi, aliyeweza kumsimamisha mtoto wa watu wiki moja kabla ya mahafali kwa sababu ya jina la mgeni wa nchi ya mbali asiyemjua, hakubisha kuhusu la kwake. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema, "La wenzangu nikilidai naitwa mkali. La kwangu nikilidai nitaitwa mwenye njaa." Sikumjibu, na nilipaswa kumjibu.

Miaka minne kabla ya kustaafu akaomba kupandishwa kuwa mwanasayansi wa maabara. Utaratibu ulikuwepo: fundi anayeweza kuonyesha kwamba kazi yake imetumika katika tafiti na kutajwa anastahili. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Faili lake lilikuja mezani likiwa jembamba, na mwenyekiti akaniuliza, "Huyu si ndiye Fundi wa maabara?" Nikasema ndiye.

Tukatafuta rejeo la Tone katika machapisho ya chuo. Halikuwepo hata moja. Mjumbe mmoja, mwanamama mwema, akasema haiwezekani, mbona programu ile kila mtu anaitumia? Akafungua makala mbili tatu zilizokuwepo mezani, akakuta zote zimemtaja Fundi mwishoni, kwenye shukrani. "Tunamshukuru fundi wa maabara kwa msaada wake." Mojawapo ilikuwa yangu.

"Shukrani si rejeo," mwenyekiti akasema. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo kanuni zilivyo: rejeo linahesabiwa, shukrani ni maneno mazuri. Ningeweza kusimama pale nikasema kwamba makala yangu nzima imekaa juu ya programu yake, kwamba kosa ni letu, tuandike masahihisho majaridani halafu faili lirudi mwakani. Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika kwenye muhtasari: hakukidhi vigezo.

Alipokuja kuchukua barua alinisalimia kama kawaida. Safari hiyo hakuniuliza toleo.

Akastaafu akiwa fundi. Tulimfanyia sherehe ukumbini, tukampa saa ya ukutani, na wasemaji tisa mmoja baada ya mwingine wakasimama kumshukuru. Alikaa mbele na suti yake ya kahawia, mikono juu ya magoti, akiitikia kwa kichwa. Nilikuwa wa sita.

Baada yake maabara ilibaki na kijana mwema asiyeuliza kitu. Karatasi za gundi zimebanduka. Mimi nasahihisha tasnifu usiku na mchana, nakuta "programu ya bure" nakata kwa wino mwekundu, mwaka unaofuata inarudi. Nimekuwa mimi sasa ninayeuliza toleo, na wananiigiza kwenye chai. Siwalaumu.

Kisha ikaja barua pepe ya binti mmoja anayefanya utafiti wake kwa wakulima wa mpunga wa Dakawa. Alikuwa akitengeneza kalenda ya kupanda, akataka kuanza na hesabu zangu za siku kavu, akachukua madaftari yaleyale ya mvua na Tone ileile. "Mwalimu, nimerudia mara nne sipati majibu yako," aliandika kwa adabu. "Siku kavu kwangu ni chache sana kuliko zako. Naomba kujua ulitumia toleo lipi. Pia naomba unisaidie namna ya kuitaja programu hii, maana faili lake linasema maabara tu. Mtunzi wake ni nani?"

Niliisoma mara tatu. Jibu la swali la kwanza sikulijua. La pili nilidhani nalijua, mpaka nilipoanza kuandika.

Kwenye simu yangu ameandikwa "Fundi Maabara". Jina lake nililiona siku moja juu ya faili jembamba, nikanakili kwenye muhtasari, na halikubaki kichwani. Ningeweza kuuliza ofisi ya utumishi na kumaliza. Niliona haya kumpelekea yule binti mstari wa rejeo nikiwa nimelipata jina kwa karani. Basi mwezi uliopita, Jumamosi, nikapanda Kinole, kwao Fundi, bodaboda mpaka barabara ilipokataa na iliyobaki kwa miguu, nikiwa na rasimu ya sahihisho kwenye mkoba. Njia nzima nilikuwa nalitafuta jina lake.

Nilimkuta nyuma ya nyumba na mkewe, wamekaa juu ya vigoda, wanakwangua magome ya mdalasini. Amekonda. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba ileile. Mama akainuka kunitafutia kiti na kipande cha fenesi.

"Daktari amepanda mlima," Fundi akasema. "Kuna kilichoharibika."

Nikampa simu asome barua pepe. Aliisogeza mbali na macho, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudia tena mstari wa mwisho. Kisha akanirudishia.

"Kwenye majedwali yako," akauliza, "Jumapili za kile kituo cha misheni zilikuwaje?"

"Kavu."

"Zote?"

"Zote, Fundi."

"Basi ni la kwanza." Akachukua gome lingine. "Nilibandika tangazo."

"Nililiona."

Akalikwangua gome lile. Mama naye aliendelea kukwangua. Nilimwambia yote pale, maana sikuwa na nguvu ya kuyabeba kushuka nayo: kwamba nililisoma tangazo nikapita, kwamba siku ya kamati nilikuwa na kalamu nikaandika nilichoandika, kwamba naona aibu. Nikamwambia nimeandika sahihisho kwa jarida, nakiri nilitumia Tone toleo la kwanza, nakiri siku kavu nilizozidisha, na safari hii programu inaingia kwenye marejeo na mtunzi wake.

"Watakushusha?"

"Hawanishushi. Watanisema."

"Kusemwa si kitu," akasema. Kisha, akiwa bado anatazama gome: "Mimi imenichelewea, binti. Nisikufiche. Nilikitaka kile cheo."

"Najua."

"Hujui. Nilikitaka sana."

Nilitoa karatasi zangu nikaziweka juu ya goti. Mahali pa rejeo nilikuwa nimeandika jina la programu, toleo na mwaka, na mbele yake nimeacha nafasi. Nilitafuta namna ya kuuliza isiyoumiza, sikuipata.

"Fundi, nisamehe. Jina lako naliandikaje?"

Mama aliacha kukwangua, akanitazama. Fundi alifuta mikono kwenye suruali, kidole kwa kidole, akanyoosha mkono nikampa kalamu. Hakuandika kwenye nafasi niliyomwachia. Aligeuza karatasi, akaandika upya mstari mzima: jina la ukoo kwanza, mkato, herufi mbili za majina yake, mwaka, Tone, toleo la kwanza, mahali inapopatikana na namba yake ya kudumu yote, tarakimu kwa tarakimu. Hakusita popote wala hakufuta.

"Umeshawahi kuuandika," nikasema.

"Mara nyingi. Nilitaka kuona ungekaaje."

Akaigeuza tena karatasi, akaanza kusoma sahihisho langu kutoka juu, kwa utaratibu uleule aliowasomea wanafunzi miaka yote. Alikubali aya ya kwanza. Alikubali ya pili. Chini kabisa nilikuwa nimeandika aya ya tatu, ambayo nilikuwa nimeihangaikia kuliko zote, ya kumshukuru kwa moyo wa dhati yeye na familia yake kwa msaada wao mkubwa wa miaka mingi. Aliisoma mpaka mwisho. Akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akanirudishia kalamu.

"Hiyo toa, binti," akasema. "Shukrani ninazo za kutosha."